Afya ya Tezi Dume: Ujue Ugonjwa Kabla ya Kununua Dawa

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya wanaume waliofikia umri wa miaka 40 na kuendelea, pamoja na wake na watoto wao. Tumewalenga hasa wakazi wa mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, kuanzia Lituhi, Mbaha, Lundu na Liuli hadi Mbamba Bay, na ndugu zao wa milimani Mbinga. Mwambao huu tumeuchagua kwa sababu mbili. Kwanza, ziwa lina ugonjwa wake, yaani kichocho, ambao baadhi ya dalili zake hufanana na za tezi dume na kuwachanganya wagonjwa na wauzaji wa dawa. Pili, kama ilivyo kwingine nchini, magulioni na stendi huuzwa chupa za maji ya mizizi na vifuko vya unga wa majani vinavyosifiwa kuwa "vinatibu tezi dume bila upasuaji". Sisi tulio katika kazi ya kudhibiti dawa huulizwa mara kwa mara kama dawa hizo ni za kweli. Swali hilo haliwezi kujibiwa kabla ya kujua mnunuzi anaumwa nini, na aghalabu mnunuzi mwenyewe hajui.

Tezi si ugonjwa

Imekuwa kawaida kusema kwamba fulani "ana tezi dume", kana kwamba tezi ni maradhi. Kila mwanaume anayo, kama alivyo na ini na figo. Ni kiungo kidogo, ukubwa wake kwa kijana ni kama ndimu ndogo. Kimekaa chini ya kibofu cha mkojo, kimeuzunguka mrija unaotoa mkojo nje, na kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji ya shahawa. Mahali kilipokaa ndipo penye chanzo cha taabu: kikivimba, hubana mrija huo.

Kadiri mwanaume anavyozeeka, tezi hutanuka. Uchunguzi wa tezi za wanaume waliofariki umeonyesha kuwa karibu nusu ya wenye umri wa miaka 50 hadi 60 wanazo dalili za kutanuka huku, na kwa waliovuka miaka 80 ni karibu 9 kati ya 10. Hali hii si saratani, wala haigeuki kuwa saratani. Huleta mkojo unaochelewa kuanza, unaotoka kwa nguvu ndogo au kwa kukatika, hisia ya kutomaliza, na kuamka usiku mara kwa mara.

Saratani ni jambo jingine kabisa. Kwa kawaida huanzia upande wa nje wa tezi, mbali na mrija wa mkojo. Kwa hiyo mwanzoni haibani chochote, haiumi, wala haimwamshi mtu usiku. Tunamwomba msomaji asimame kidogo hapa, kwa maana hili ni kinyume cha wanavyoamini wengi. Mwanaume anayehangaika na mkojo huenda ana uvimbe wa kawaida tu, na anayekojoa vizuri kabisa huenda saratani inakua ndani yake. Dalili zake zinapojitokeza, mara nyingi ugonjwa umekwisha kutoka nje ya tezi na kufika kwenye mifupa, na mgonjwa hulalamikia kiuno na mgongo kuliko mkojo.

Hali ya tatu ni maambukizi ya tezi yenyewe. Huja na homa, maumivu ya chini ya tumbo na mkojo unaochoma, na huwapata hata vijana. Hiyo hutibiwa kwa viuavijasumu, lakini kwa muda na kipimo anachopanga tabibu. Wapo wazee wanaopewa vidonge vya "U.T.I. sugu" mara nne au tano kwa mwaka bila mtu yeyote kuuliza kwa nini U.T.I. hiyo haiishi. Kwa mwanaume mwenye umri mkubwa, maambukizi ya mkojo yanayojirudia mara nyingi huwa na sababu nyuma yake, na sababu mojawapo ni kibofu kisichomaliza mkojo kwa kuwa tezi imebana njia.

Damu katika mkojo na maji ya ziwa

Mvuvi anayesukuma mtumbwi, mtoto anayeoga na mama anayefua wanaweza wote kupata kichocho, kwa maana vimelea vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ndani ya dakika chache. Aina inayoshambulia kibofu huleta damu kwenye mkojo, hasa mwishoni mwa kukojoa, pamoja na maumivu na haja ya kukojoa kila mara. Katika jamii nyingi zinazokaa kando ya maziwa na mito, mkojo mwekundu wa mtoto wa kiume umezoeleka kiasi cha kuhesabiwa kuwa sehemu ya kukua.

Mazoea hayo huleta madhara baadaye. Mtu aliyezoea kuona damu utotoni haishtuki anapoiona tena akiwa na miaka 55. Atasema ni kichocho kilekile, atameza prazikwanteli, na damu ikikoma kwa muda atajiona amepona. Prazikwanteli ni dawa nzuri ya kichocho na tunahimiza itumike inapotolewa na watumishi wa afya. Haitibu saratani ya tezi dume. Wala haitibu saratani ya kibofu, ambayo kichocho cha miaka mingi ni mojawapo ya visababishi vyake vinavyojulikana. Damu katika mkojo wa mwanaume mtu mzima ni sababu ya kwenda kupimwa siku chache zijazo, awe aliwahi kuugua kichocho au la.

Kinachorithiwa

Duniani, wanaume wapatao milioni 1.4 waligunduliwa kuwa na saratani ya tezi dume katika mwaka 2020. Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, hiyo ndiyo saratani inayoongoza kwa wanaume nchini Tanzania. Nchini Marekani, ambako takwimu zimewekwa kwa miaka mingi, wanaume weusi hufa kwa ugonjwa huu kwa kiwango kinachokaribia mara mbili ya wazungu. Sehemu ya tofauti hiyo hutokana na umaskini na kuchelewa kupata huduma. Sehemu nyingine imo katika vinasaba. Utafiti uliofanywa kwa wanaume wa Uganda na kuchapishwa mwaka 2018 ulikuta uhusiano mkubwa kati ya ugonjwa huu na eneo la kromosomu ya 8 ambalo wataalamu huliita 8q24. Mojawapo ya mabadiliko ya vinasaba yaliyomo katika eneo hilo huonekana karibu kwa watu wenye asili ya Afrika pekee.

Kwa familia moja moja jambo ni jepesi kueleza. Mwanaume ambaye baba yake au kaka yake aliugua saratani ya tezi dume, uwezekano wake wa kuugua ni takriban mara mbili ya mwingine. Ndugu wakiwa zaidi ya mmoja, au wakiwa waliugua kabla ya uzee, uwezekano huongezeka zaidi. Aidha, msomaji asiutazame upande wa baba tu. Kinasaba kiitwacho BRCA2, kinapokuwa na hitilafu, huleta saratani ya matiti na ya mayai ya uzazi kwa wanawake, na saratani kali ya tezi dume kwa wanaume. Saratani ya titi ya mama mzazi, ya dada au ya mama mdogo ni habari ambayo daktari wa mwanaume anapaswa kuambiwa.

Ugumu ni kwamba familia nyingi hazina jina la ugonjwa uliomwua babu. Zina masimulizi. Husemwa kuwa mzee alikufa kwa kiuno, au miguu ilipooza ghafla akabebwa, au alizibwa mkojo, au alirogwa na jirani waliyegombea shamba. Hatudai kwamba kila kiuno kilikuwa saratani. Lakini mzee aliyekonda, akaumwa mifupa ya kiuno kwa miezi, kisha akapooza miguu, anaeleza kwa mwili wake kile ambacho saratani iliyofika kwenye uti wa mgongo hufanya. Tunashauri vijana wawaulize shangazi na bibi maswali ya namna hiyo wangali hai: alianza kuumwa wapi, kwa muda gani, mkojo ulikuwaje. Majibu yaandikwe, hata nyuma ya daftari la shule.

Yapo pia maneno yasemayo kuwa wazee wa zamani hawakuwa na ugonjwa huu, na kwamba umeletwa na vyakula vya kisasa. Rejista ya saratani ya Kampala, iliyoanza miaka ya 1950, kweli imeonyesha saratani ya tezi dume ikiongezeka kwa miongo mingi, na vinasaba havibadiliki kwa kasi hiyo. Ila tukumbuke mambo mawili. Ugonjwa huu ni wa wazee, na katika sensa ya mwaka 1967 wastani wa umri wa kuishi Tanzania ulikuwa miaka 40 hivi; kufikia sensa ya 2012 ulikuwa 61. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo inatokana na kupungua kwa vifo vya watoto, lakini wanaofika uzeeni nao wameongezeka. Zaidi ya hayo, kisichopimwa hakiandikwi.

Mwenendo wa maisha

Hapa tutasema machache, kwa maana yaliyothibitishwa ni machache kuliko yanayouzwa. Unene uliopita kiasi huambatana na saratani kali zaidi ya tezi dume, na uvutaji wa sigara huongeza uwezekano wa kufa nayo. Kazi ya mwili husaidia. Mvuvi anayepiga kasia na mkulima wa ngoro wa Umatengo wanayo tayari, na mlo wa samaki, ugali, maharage na mboga za majani hauna haja ya kuonewa haya mbele ya chipsi na soda. Kwa mwenye taabu ya mkojo, kupunguza vinywaji baada ya jua kuzama, hususan pombe, humpunguzia kuamka usiku.

Vidonge vya virutubisho vinavyosemwa "kulinda tezi" ni habari nyingine. Jaribio kubwa lililoanza Marekani mwaka 2001 likiwa na wanaume zaidi ya 35,000 lilipima kama vitamini E na madini ya seleniamu huzuia saratani ya tezi dume. Lilisimamishwa mwaka 2008 kwa kuwa hapakuwa na faida. Matokeo yaliyotolewa 2011 yalionyesha kuwa waliomeza vitamini E peke yake waliugua kwa asilimia 17 zaidi ya waliomeza vidonge visivyo na dawa. Anayelipia kopo la vitamini E kwa ajili ya tezi yake huenda ananunua hatari.

Dawa za miti na dawa za dukani

Hatuandiki ili kuzidharau dawa za asili. Gome la mti wa Prunus africana, unaoota katika misitu ya milima ya Afrika Mashariki, limesafirishwa kwenda Ulaya kwa miongo kadhaa kutengenezwa vidonge vya tezi dume. Uvunaji wake ulikithiri hata biashara yake ya kimataifa ikawekewa masharti mwaka 1995. Mapitio ya tafiti 18 zenye wanaume 1,562, yaliyochapishwa mwaka 2002, yalikuta kuwa vidonge hivyo hupunguza kiasi dalili za kutanuka kwa tezi. Kwa upande mwingine, mmea wa Marekani uitwao saw palmetto, unaouzwa kwa bei kubwa zaidi mijini, haukuonyesha faida katika majaribio mawili makini yaliyochapishwa 2006 na 2011. Kwa hiyo asili ya dawa haitoshi kutuambia kama inafaa. Kipimo ndicho husema. Na hata gome hilo hupunguza dalili za uvimbe wa kawaida tu. Hakuna ushahidi kwamba linatibu saratani.

Mbona basi wapo wengi wanaoshuhudia kuwa chupa ya gulioni imewaponya? Hatuwaiti waongo. Dalili za kutanuka kwa tezi hupanda na kushuka zenyewe: huzidi wakati wa baridi ya Juni na Julai, hupungua joto likirudi. Mtu hununua dawa siku alizozidiwa, na nafuu ambayo ingekuja yenyewe huhesabiwa kuwa ya chupa. Katika majaribio ya dawa, hata wanaopewa vidonge visivyo na kitu huripoti nafuu ya kuonekana. Aidha, maabara katika nchi mbalimbali zimekuwa zikikuta dawa za viwandani zimechanganywa kwa siri katika bidhaa zinazoitwa za mitishamba.

Hasara kubwa ni ya muda kuliko fedha. Tuchukue mfano wa mzee wa miaka 62 anayeamka usiku mara tano. Ananunua chupa, anapata nafuu, anaongeza nyingine, na mwaka wa pili unapita. Kama ana uvimbe wa kawaida, amepoteza fedha tu. Kama ana vyote viwili, uvimbe na saratani, jambo ambalo hutokea mara nyingi kwa kuwa vyote ni vya uzeeni, basi chupa imetuliza kilichokuwa kikimsukuma kwenda hospitali, na saratani imepewa miaka miwili.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza linalosajili waganga wa tiba asili na dawa zao. Mnunuzi ana haki ya kuuliza cheti. Ana haki ya kuona kwenye chupa jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya usajili, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Muuzaji anayedai dawa moja inatibu tezi dume, kisukari, presha na nguvu za kiume kwa pamoja amejieleza vya kutosha.

Mkoa wa Ruvuma una nafasi yake katika historia ya udhibiti wa dawa nchini: ndipo ulipoanza kwa majaribio, mwaka 2003, mpango wa maduka ya dawa muhimu uliosambazwa baadaye mikoa mingine. Muuzaji wa duka hilo amepewa mafunzo na ana orodha ya dawa anazoruhusiwa kuuza. Si kazi yake kukuambia tezi yako ina nini. Mwambie, hata hivyo, kwamba una taabu ya mkojo kila unaponunua dawa ya mafua. Dawa za mafua zenye pseudoefedrini hukaza misuli ya shingo ya kibofu, na zenye klorofeniramini hudhoofisha msukumo wa kibofu chenyewe. Mzee ambaye tezi yake imetanuka anaweza kumeza vidonge viwili vya mafua jioni na kushindwa kabisa kukojoa kufikia alfajiri.

Wanaoandikiwa tamsulosini na daktari wajue kuwa inaweza kuleta kizunguzungu mtu anaposimama, hasa siku za kwanza. Anayevua usiku kwenye mtumbwi aanze dawa hiyo siku ambazo haendi majini, na asiichanganye na dawa za nguvu za kiume bila kumwuliza daktari. Wanaotumia finasteraidi wajue kwamba hupunguza kwa karibu nusu kiwango cha PSA katika damu baada ya miezi kadhaa. Usipomwambia anayekupima, majibu yanaweza kusomeka kuwa salama na sivyo. Vidonge vya finasteraidi vilivyovunjika visishikwe na mama mjamzito, kwa maana vinaweza kumdhuru mtoto wa kiume aliye tumboni.

Kwenda kupimwa

Wanaume wengi hukwepa hospitali kwa hofu ya kidole. Tuseme wazi: daktari huvaa glavu, hupaka mafuta, huingiza kidole kimoja kwenye njia ya haja kubwa, hupapasa tezi na kumaliza kwa muda usiofika dakika moja. Anatafuta ugumu au nundu, kitu ambacho damu haiwezi kumwonyesha. Kipimo cha damu cha PSA husaidia, ila si hukumu. Kiwango hupanda kwa saratani, na hupanda pia kwa uvimbe wa kawaida, kwa maambukizi, kwa kuzibwa mkojo na kwa kuwekewa mpira, na hata kwa tendo la ndoa la siku moja au mbili kabla. Kinachothibitisha saratani ni kipande cha nyama ya tezi kinachotazamwa kwa darubini.

Kwa asiye na dalili yoyote, Chama cha Saratani cha Marekani kinashauri wanaume weusi wazungumze na daktari kuhusu kupimwa kuanzia miaka 45, na wenye ndugu wa karibu zaidi ya mmoja waliougua wakiwa bado hawajazeeka, kuanzia 40. Tunasema wazungumze kwa makusudi. Saratani nyingine za tezi hukua polepole mno hata zisimwue mwenyewe, na kuzitibu kunaweza kuacha mtu akivuja mkojo au kupoteza nguvu za kiume. Daktari mwema hulieleza hilo kabla ya kuchukua damu.

Msafiri kutoka Lituhi huanzia kituo kilicho karibu naye, na akihitaji zaidi hupewa rufaa kwenda hospitali kubwa kama Peramiho au ile ya rufaa ya mkoa mjini Songea. Tiba ya mionzi inaweza kumfikisha Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka Songea. Uvimbe wa kawaida hutibiwa kwa vidonge au kwa upasuaji ambao siku hizi hupitia njia ya mkojo bila kupasua tumbo. Saratani iliyosambaa hupunguzwa kasi kwa kuondoa homoni ya kiume, ama kwa sindano, ama kwa kuondoa korodani. Tiba hiyo inatokana na kazi ya Charles Huggins wa Chicago, aliyeonyesha mwaka 1941 kwamba saratani hii hulishwa na homoni hiyo, na kupewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1966.

Kushindwa kabisa kukojoa huku tumbo la chini limejaa na linauma ni dharura ya saa hizo hizo. Vivyo hivyo miguu kuisha nguvu au kufa ganzi kwa mwanaume mwenye maumivu ya mgongo. Usimpe mgonjwa maji mengi ili "kusukuma" mkojo; mpeleke kituo cha afya akawekewe mpira.

Anayekwenda kupimwa achukue dawa zote anazotumia, za dukani na za miti, zikiwa kwenye vifungashio vyake. Chupa ya mitishamba isiachwe nyumbani kwa aibu, kwani daktari anaihitaji ili aelewe majibu ya vipimo. Iwapo dawa yoyote imekudhuru, mwombe mtumishi wa afya akujazie fomu ya njano ya taarifa za madhara ya dawa, na usitupe kilichobaki ndani ya chupa mpaka uambiwe kuwa hakihitajiki kwa uchunguzi.